Lubumbashi: umeme ukikatika, chumvi na jua vinarudi kazini

LUBUMBASHI – Katika soko la Kenya, mama anayeuza Thomson anajua siku yake itakuwaje mara tu anapofungua katoni. Samaki wakitoka wagumu kama jiwe, ana mchana mzima mbele yake. Wakitoka wamelegea, maji mekundu yakichuruzika chini ya karatasi, maana yake umeme ulikatika usiku kule alikonunua, na sasa ana saa chache tu za kurudisha kapitali yake. Kufikia mchana bei inashuka. Jioni anauza kwa hasara, anakaanga, au anatupa.

Katika mji wenye watu zaidi ya milioni 2, ambao sehemu kubwa ya chakula chake inatoka mbali, suala la kuzuia chakula kisioze si jambo la jikoni peke yake. Ni suala la nani anapata faida na nani anakula hasara, na mara nyingine ni suala la nani anaugua.

Thomson, samaki huyu ambaye kila mtu Lubumbashi anamjua kwa jina hilo, haishi katika ziwa lolote la Kongo. Ni samaki wa bahari, na wengi wao huvuliwa katika maji ya Namibia, wanagandishwa melini, kisha wanasafiri maelfu ya kilomita katika malori yenye baridi hadi mpaka wa Kasumbalesa. Safari hiyo yote inategemea kitu kimoja: baridi isikatike hata mara moja. Na mara nyingi inakatika mwishoni kabisa, ndani ya mji, katika depo ya jirani au katika frigo ya nyumbani.

Wakaaji wa Katuba, Ruashi, Kampemba na Annexe hawahitaji kuelezwa delestaji ni nini. Lakini kuna jambo linalofaa kukumbushwa. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Maji yaliyozuiliwa na bwawa hilo ndiyo yaliyofanya ziwa Tshangalele, ambako wavuvi wanavua samaki wanaouzwa Likasi na Lubumbashi. Kwa hiyo maji yaleyale yanatoa samaki na yanatoa umeme. Samaki wanafika sokoni. Umeme, kwa sehemu kubwa, unaenda kwenye migodi. Mitambo ya Mwadingusha ilipofanywa upya na kuanza tena mwaka 2021, ikiwa na nguvu ya megawati 78, kazi hiyo ilifanyika katika makubaliano kati ya SNEL na mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi. Hata ile laini ndefu ya Inga hadi Kolwezi, yenye zaidi ya kilomita 1,700, ilijengwa kwanza kwa ajili ya shaba. Katika nchi nzima, ni mtu mmoja hivi kwa watano anayepata umeme, na kupata si sawa na kuwa nao kila saa.

Ndiyo maana frigo, ambayo ilitakiwa kuondoa jua na chumvi, haijaviondoa.

Hatari ambayo haina harufu

Wengi wanaamini kwamba samaki akioza atajitangaza mwenyewe kwa harufu, na kwamba moto mkali unamaliza kila kitu. Kwa Thomson, imani hiyo ni ya hatari. Nyama ya samaki wa aina hiyo ina kemikali ambayo, samaki akikaa kwenye joto, bakteria wanaigeuza kuwa histamini. Histamini inaweza kuwa nyingi kabla harufu haijawa mbaya. Tena, moto hauiondoi. Kugandisha upya pia hakuiondoi. Mtu anakula samaki aliyekaangwa vizuri, kisha ndani ya dakika chache au saa chache uso unawaka, ngozi inawasha, kichwa kinauma, moyo unapiga mbio. Wengi wanasema wana aleji, au wanamtafuta jirani aliyewaloga. Kumbe samaki aliyeyuka usiku, akagandishwa tena asubuhi umeme uliporudi, akauzwa kama mpya.

Wataalamu wa usalama wa chakula wanatoa kipimo ambacho kinafaa kwa kila nyumba yenye frigo Lubumbashi. Frigo ya kugandisha iliyojaa, mlango usipofunguliwa, inashika baridi kwa saa 48 hivi. Ikiwa nusu tupu, saa 24. Frigo ya kawaida, ile ya kupozesha tu, inashika kwa saa 4. Kwa hiyo kazi ya kwanza umeme unapokatika ni kuwazuia watoto wasifungue mlango.

Na kwa anayesafiri au analala mbali na frigo yake, kuna mbinu ya bei ya senti: unagandisha maji katika kikombe, unaweka kipande cha sarafu au kijiwe juu ya barafu, unakiacha ndani. Ukirudi ukakuta kipande kimezama hadi chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena, hata kama kila kitu kinaonekana kigumu. Kwa kuwa Kongo sarafu zimepotea siku nyingi mfukoni, kijiwe kinatosha.

Barafu ilikuwa ya kampuni

Mji huu ulianza na tatizo hili. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, Elisabethville ikazaliwa, na mwaka uliofuata tanuru la Union Minière likaanza kuyeyusha shaba. Maelfu ya wafanyakazi waliletwa mahali ambapo hapakuwa na mashamba ya kuwalisha. Kampuni ikalazimika kutoa posho: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta, nyama au samaki. Unga ulikuja kwa treni. Samaki walikuwa Luapula na ziwa Mweru, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini, na samaki mbichi katika joto la Katanga hamalizi siku moja.

Waliotatua jambo hilo walikuwa wafanyabiashara Wagiriki waliojenga makao yao Kasenga, kwenye ukingo wa Luapula. Walinunua samaki kutoka kwa wavuvi wa pande zote mbili za mto, wakawaweka juu ya barafu, wakawapeleka kwa malori hadi Elisabethville. Barafu ndiyo iliyowapa nguvu. Mvuvi asiye na barafu alikuwa na chaguo mbili: kumuuzia mwenye barafu kwa bei yake, au kukausha na kutembeza mwenyewe. Kwa miaka mingi biashara kubwa ilikuwa ya mpumbu, yule samaki mkubwa aliyepanda mto kwa makundi wakati wa mvua ili kutaga mayai. Alivuliwa akiwa amejaa mayai, mwaka baada ya mwaka, na kufikia miaka ya 1950 mpumbu alikuwa karibu kutoweka. Baridi ilihifadhi nyama yake vizuri sana. Hakuna aliyehifadhi samaki mwenyewe.

Baadaye, Wagiriki walipoondoka na mashine za barafu zikachakaa, kilichobaki ziwani kilikuwa kidogo kwa umbo: chisense, samaki wadogo kama ndagala wa Tanganyika. Hawahitaji barafu. Wanavuliwa usiku kwa taa, wanamwagwa chini asubuhi, na jua likiwa zuri wanakauka haraka. Mtu mwenye kapitali ndogo, na wengi wao ni wamama, anaweza kununua gunia, kupanda lori na kuuza Lubumbashi kwa vikombe, bila kumwomba mtu yeyote chumba cha baridi. Samaki wa maskini, wengine wanasema kwa dharau. Lakini mtu anayemla mzima, na kichwa na mifupa, anapata kalsiamu ambayo mlaji wa minofu haipati.

Kukausha ni kuondoa maji, si kugeuza rangi

Kinachoozesha samaki, nyama, uyoga au mahindi ni viumbe vidogo vinavyohitaji maji ili kuishi. Njia zote za zamani zinafanya kazi moja: kuwanyima maji hayo. Jua linayafukuza. Chumvi inayavuta na kuyafunga. Moshi unakausha kwa joto lake na kupaka nje kemikali ambazo bakteria hawazipendi. Samaki mbichi ni maji kwa robo tatu hivi ya uzito wake, na ndiyo sababu kilo 4 au hata 5 za samaki wadogo wabichi zinatoa kilo 1 tu ya wakavu.

Hapo ndipo kishawishi kinaingia. Anayeuza kwa uzito anapoteza akikausha sana. Samaki aliyekauka nusu ni mzito, anaonekana mnene, anajaza gunia haraka. Kwa nje ngozi imekuwa ngumu na rangi imebadilika, mnunuzi anadhani kazi imekwisha. Ndani, karibu na mfupa, bado ni laini. Baada ya siku tatu katika gunia lililofungwa, unyevu wa ndani unatoka nje, ukungu unaota, na gunia zima linaanza kupata joto. Kipimo cha wamama wazoefu ni rahisi: samaki mdogo aliyekauka kweli anavunjika kwa mlio, hapindi. Samaki mkubwa anabonyezwa kwa kidole mahali penye nyama nene zaidi, na kidole kisiache shimo.

Hali ya hewa ya Lubumbashi inasaidia kwa nusu ya mwaka tu. Mji uko juu, mita 1,200 hivi, na kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua; hewa ni kavu na upepo unafanya kazi kuliko jua lenyewe. Ni wakati wa kipwa ambapo ghala za nyumbani zinajazwa: uyoga wa msituni uliokatwa vipande, viwavi waliochemshwa na kukaushwa, matembele, nyanya. Kuanzia Novemba hadi Machi kila kitu kinageuka. Samaki aliyeanikwa asubuhi analowa mchana, na kila saa anayokaa na unyevu, nzi wanataga mayai juu yake. Anayeanika juu ya mchanga anapata nzi na mchanga pamoja. Anayeanika juu ya kichanja cha wavu au matete, kimo cha kiuno, anapata upepo chini na juu, na nusu ya nzi. Hiyo ni tofauti ya miti michache na siku moja ya kazi.

Chumvi ndiyo inayookoa wakati wa mvua, na si jambo geni hapa. Kabla ya kampuni yoyote, chumvi ya Mwashya, karibu na Lufira, ilitembea njia ndefu za biashara katika Katanga. Bitoyo wanaouzwa leo katika masoko yote ya mji ni watoto wa ujuzi huo. Kosa la kawaida ni kupunguza chumvi kwa sababu imepanda bei. Kwa kawaida kilo 1 ya chumvi inahitajika kwa kilo 3 za samaki aliyepasuliwa na kutolewa matumbo. Anayetumia maji ya chumvi anatakiwa kuendelea kuongeza hadi chumvi isiyeyuke tena, yaani karibu gramu 360 katika lita 1. Chini ya hapo, chumvi inatoa ladha tu. Na matumbo yakiachwa ndani, samaki anaozea katikati huku nje akiwa mweupe wa chumvi.

Moshi una gharama nyingine. Misitu iliyozunguka Lubumbashi imerudi nyuma mwaka kwa mwaka kwa sababu ya makala, na kila samaki anayebanikwa kwenye pipa la wazi anakula kuni nyingi, kwa kuwa joto kubwa linapotea pembeni. Ghana walitengeneza tanuri la udongo linaloitwa Chorkor, lenye vyano vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, ambalo linatumia kuni chache na kubanika samaki wengi kwa wakati mmoja. Fundi yeyote wa matofali Lubumbashi anaweza kulijenga.

Dawa isiyo ya chakula

Samaki akishakauka, adui anabadilika. Sasa ni wadudu: mende mdogo mweusi na mabuu yake yenye manyoya, wanaotafuna nyama kavu mpaka gunia linabaki unga na mifupa. Mfanyabiashara aliyelipa lori kutoka Kasenga hawezi kutazama hasara hiyo akiwa amekunja mikono. Katika nchi nyingi za Afrika imeshuhudiwa kwamba baadhi ya wauzaji wanapuliza dawa za kuua wadudu juu ya samaki wakavu, hasa diklorvosi, dawa ileile inayouzwa kwa chupa ndogo dhidi ya mende na kunguni. Inaua mende wa samaki, ndiyo. Pia inagusa mishipa ya fahamu ya mtu anayekula, na kuosha kwa maji hakuitoi yote.

Formol nayo inatajwa mara kwa mara kila samaki au nyama inapokaa siku nyingi bila kunuka. Formol ni dawa ya chumba cha maiti. Shirika la Afya Ulimwenguni linaiweka kati ya vitu vinavyosababisha saratani, na nchi kama Bangladesh ililazimika kutunga sheria maalumu mwaka 2015 kwa sababu wauzaji walikuwa wakiitia kwenye samaki na matunda. Lakini si haki kumshtaki kila muuzaji. Samaki wa bahari aliyegandishwa hutengeneza kiasi kidogo cha kemikali hiyo mwilini mwake bila kuguswa na mtu, na maabara peke yake ndiyo inayoweza kutofautisha. Kazi ya kupima bidhaa mpakani ni ya OCC. Mnunuzi wa sokoni ana macho na pua tu, na dalili moja ya kumtahadharisha, ingawa si kipimo cha uhakika: samaki mkavu ambaye hata nzi mmoja hatui juu yake, wakati meza ya jirani imejaa nzi, hafai kununuliwa, hata akiwa na sura nzuri namna gani.

Mahindi yanayooza bila kuonekana

Watu wakisikia kuoza wanafikiria samaki na nyama. Lakini chakula ambacho Lubumbashi inakula kila siku ni bukari, na hatari yake ni ya kimya zaidi. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu yanaota ukungu, na ukungu mmoja, wenye rangi ya kijani-njano, unatoa sumu iitwayo aflatoksini. Haina ladha. Kupika bukari hakuiondoi. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka inaharibu ini, hasa kwa mwenye hepatiti B. Ikiingia nyingi kwa mara moja inaua.

Kenya, mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa baada ya kula mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa yakiwa na maji. Na karibu zaidi na hapa, Agosti 2024, serikali ya Zambia iliamuru unga wa baadhi ya viwanda uondolewe sokoni baada ya vipimo kuonyesha aflatoksini nyingi. Mbwa wengi walikuwa wamekufa kwanza. Ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa, na mahindi yaliyoteswa na ukame hushikwa na ukungu huo kwa urahisi yakiwa bado shambani. Lubumbashi inakula unga wa Zambia. Kila gunia linalopita Kasumbalesa linapita na historia ya ghala ambalo mnunuzi hajaliona.

Kwa mahindi yanayolimwa hapa na kuvunwa kati ya Aprili na Juni, kinga inaanza na unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Mashine ya kupimia ni ghali, lakini chupa kavu inatosha: tia punje hadi robo ya chupa, ongeza kijiko cha chumvi kavu kabisa, funga, tikisa kwa dakika chache, subiri robo saa. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Chumvi ikianguka chini ikiwa kavu, yanaweza kuingia ghalani.

Baada ya hapo ni suala la hewa. Mtafiti Larry Murdock wa chuo kikuu cha Purdue, Marekani, alifanya kazi na wakulima wa Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980 na kutoka hapo ikatokea mifuko ya PICS, yenye tabaka mbili za plastiki nene ndani ya gunia moja. Ikifungwa vizuri, wadudu wanamaliza hewa iliyobaki na wanakufa bila dawa. Familia isiyo na mfuko huo inaweza kupata matokeo ya karibu kwa bidoni ya njano iliyooshwa na kukaushwa vizuri, ikajazwa maharagwe au mahindi hadi mdomoni, kizibo kikafungwa kwa nguvu na kisifunguliwe kwa mwezi mzima. Sharti ni kuijaza. Bidoni iliyo nusu inawaachia wadudu hewa ya kutosha kuzaana.

Turudi kwa mama wa soko la Kenya na katoni yake iliyolegea. Anayo njia ya kuokoa sehemu ya fedha yake: kupasua Thomson, kutoa matumbo, kuwapaka chumvi ya kutosha na kuwaanika. Wengi wanafanya hivyo saa kumi na moja jioni, wakati wameshakata tamaa ya kuuza wabichi. Saa hiyo histamini imeshaingia, na chumvi haitaitoa. Uamuzi unatakiwa ufanyike saa mbili asubuhi, katoni inapofunguliwa: hawa wachache wagumu wauzwe leo, hawa waliolegea waende kwenye chumvi sasa hivi, kabla mteja wa kwanza hajafika. Ni uamuzi mgumu, kwa sababu bitoyo watakuwa tayari baada ya siku kadhaa, na deni la katoni linadaiwa jioni ya leo.